Mkurugenzi wa Michezo na Swali la Wenye Chuo: Mfano wa Chuo Kikuu cha Chicago, 1892–1939

Katika vyuo vikuu vya Marekani kiko cheo ambacho ni nadra kukikuta, kwa uzito huohuo, katika vyuo vya mabara mengine, nacho ni cheo cha mkurugenzi wa michezo. Kazi ya mwenye cheo hicho ni kuajiri walimu wa timu, kupanga mechi, kutunza viwanja na kusimamia fedha. Ukiisikia orodha hiyo waweza kudhani kwamba ni kazi ya utumishi kama kazi nyingine. Lakini akiondoka mkurugenzi mmoja na kuteuliwa mwingine, huzuka mabishano yasiyozuka anapoteuliwa mkuu wa kitivo cha sheria au cha tiba. Wanafunzi hubishana mabwenini. Wahitimu walioondoka chuoni miaka thelathini iliyopita huandika barua. Na watu wa mjini, ambao hawakupata kusoma chuoni hapo hata siku moja, husema juu ya “timu yetu” kana kwamba wao ndio wenye mali.

Mabishano hayo aghalabu huanzia kwenye jina la mtu: je, anafaa au hafai? Ukiyachunguza, hata hivyo, utaona kwamba chini ya jina hilo liko swali jingine lililo kubwa zaidi: chuo ni cha nani? Ni cha maprofesa wanaofundisha, au cha wanafunzi waliomo, au cha wahitimu wanaotoa fedha, au cha mji unaojaza viti vya uwanja? Vyuo vingi vimeliacha swali hilo bila jibu, na timu zao zimeendelea kucheza. Chuo Kikuu cha Chicago kililijibu, na jibu lake likaiondoa timu uwanjani. Kwa hiyo historia yake yafaa kuchunguzwa.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, maneno mawili yahitaji kufafanuliwa. Neno “mpira” katika makala haya ni mpira wa Kimarekani, ambao hushikwa na kukimbizwa kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu, na ambao hesabu yake ni ya pointi, si ya mabao. Neno “shabiki” nalo linatumika kwa maana pana: si mwenye kushangilia tu, bali kila mtu ambaye heshima yake mwenyewe ameifungamanisha na matokeo ya timu, ingawa hana mamlaka juu yake. Kutokuwa na mamlaka huko ndiko kunakomfanya shabiki kuwa mtu wa maneno mengi.

I. Michezo kabla ya kuwapo mkurugenzi

Hapo mwanzo michezo ya vyuo vya Marekani haikuwa chini ya vyuo. Mashindano ya kwanza baina ya vyuo viwili, yaani mbio za makasia kati ya Harvard na Yale, yalifanyika mwaka 1852 katika ziwa la Winnipesaukee, na gharama zake zililipwa na kampuni ya reli iliyotaka kupata abiria. Mechi ya kwanza ya mpira baina ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 kati ya Rutgers na Princeton, na walioipanga ni wanafunzi wenyewe. Tokea hapo, basi, mambo mawili yalikuwa yamekwisha kuonekana: kwamba michezo ilikuwa mali ya wanafunzi, na kwamba palikuwa na watu wa nje waliokwisha kutambua faida yake.

Wanafunzi hukaa chuoni miaka minne kisha wakaenda zao. Jambo lililo mikononi mwa watu wapitao njia halikosi kumwangukia yule asiyeondoka, na hao wasioondoka walikuwa wahitimu. Huko Yale, Walter Camp, ambaye ndiye aliyetangulia katika kuzitengeneza sheria za mpira huo, hakuwa profesa. Alikuwa mtumishi wa kampuni ya saa katika mji wa New Haven, na bado hakuna neno kubwa la mpira lililopita bila shauri lake. Fedha za mlangoni zilikusanywa na kutunzwa nje ya hazina ya chuo. Na mwanzoni mwa karne ya 20 ilipofichuliwa kwamba akiba hiyo ilikuwa imekaribia dola 100,000, maprofesa wengi walistaajabu kugundua kwamba kando yao ilikuwapo serikali nyingine.

II. Cheo kilichoundwa kwa ajili ya mtu mmoja

Chuo Kikuu cha Chicago kilianzishwa mwaka 1890 kwa fedha za John D. Rockefeller, na kikafungua madarasa mwezi Oktoba 1892. Rais wake wa kwanza, Dakta William Rainey Harper, alikuwa bingwa wa lugha ya Kiebrania aliyefundisha Yale. Alikuwa na chuo kisichokuwa na historia, kisichokuwa na wahitimu, na ambacho watu wa mji wake walikuwa bado hawajakijua. Harper aliona kwamba mpira ungeweza kumpatia kwa haraka vitu ambavyo vyuo vya mashariki vilikuwa vimevipata kwa karne mbili: jina, na wapenzi.

Hapo ndipo alipomwita mwanafunzi wake wa zamani, Amos Alonzo Stagg. Stagg alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey; alisoma Yale akikusudia kuwa mchungaji, akasifika kwa kurusha mpira katika mchezo wa besiboli, na mwaka 1889 akatajwa katika timu ya kwanza ya wachezaji bora wa Marekani nzima. Harper hakumwajiri kama vile waalimu wa timu walivyoajiriwa wakati huo, yaani kwa msimu mmoja. Alimpa mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka, cheo cha profesa mshiriki, na nafasi ya kudumu ya uongozi wa Idara ya Mazoezi ya Mwili na Michezo.

Uzito wa tendo hilo haukufahamika wote kwa wakati wake. Kwa upande mmoja lilikuwa tendo la kuurudisha mchezo nyumbani: badala ya wahitimu kuutawala kutoka nje, sasa uliwekwa ndani ya chuo, chini ya mtu mwenye kiti katika baraza la walimu. Hata mwaka 1906, wachezaji kadhaa walipokuwa wamekufa viwanjani msimu uliopita na Rais Roosevelt mwenyewe amekwisha kuwaita wakuu wa mpira wa Harvard, Yale na Princeton, vyuo vya magharibi vilikutana Chicago na kukata shauri kwamba walimu wa timu wawe watumishi wa kawaida wa chuo, wenye mishahara ya kiasi. Yaliyokuwa ya Stagg tangu 1892 yakafanywa kuwa kanuni ya wote. Michigan, ambao hawakuridhika na kanuni hizo, walijitoa katika umoja huo kwa muda wa miaka kadhaa.

Lakini kwa upande wa pili, kinga iliyomlinda Stagg dhidi ya mashabiki ilimlinda pia dhidi ya maprofesa wenziwe. Yeye mwenyewe alikuwa mkurugenzi, na yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa timu. Aliyeajiri ndiye aliyeajiriwa. Mapato ya mlangoni yalipoongezeka, idara yake ikawa na nguvu ambazo idara ya Kigiriki au ya hisabati haikuweza kuziota. Alipokuwapo Harper jambo hilo halikuleta taabu, kwa kuwa wawili hao walielewana. Harper alifariki mwezi Januari 1906. Cheo kikabaki jinsi kilivyoundwa, na aliyekiunda hayupo.

III. Mji waipata timu yake

Tarehe 30 Novemba 1905 Chicago iliishinda Michigan kwa pointi 2 kwa 0. Michigan ilikuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Kwa watu wa Chicago ushindi huo ulikuwa zaidi ya mchezo: mji uliojulikana kwa machinjio na reli sasa ulikuwa na kitu cha kujivunia mbele ya nchi nzima. Mwaka 1922, Princeton ilipokuja kucheza Chicago na kushinda kwa 21 kwa 18, habari za mechi zilipelekwa kwa waya hadi New York na kutangazwa huko kwa redio. Shabiki hakuhitaji tena hata kuufikia uwanja, ambao kwa wakati huo ulikuwa umekwisha kuitwa kwa jina la Stagg.

Katika misimu 41, timu za Stagg zilitwaa ubingwa wa umoja wa vyuo vya magharibi, uliokuja kujulikana kama Big Ten, mara saba. Mara ya mwisho ilikuwa 1924. Tarehe hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu yaonyesha kwamba kuporomoka kwa timu kulianza Stagg angali katika kiti chake. Vyuo vya serikali vya jirani vilikuwa vimekua, vimejenga viwanja vikubwa, na vilipokea vijana wengi kuliko Chicago. Lakini shabiki hahesabu hivyo. Maadamu mzee alikuwa pale, kushindwa kulikuwa ni bahati mbaya ya mwaka huo.

IV. Mabadiliko ya 1932 na 1933

Mwaka 1929 Robert Maynard Hutchins alifanywa rais wa chuo akiwa na umri wa miaka 30. Kijana huyo aliamini kwamba chuo kikuu ni mahali pa kazi ya akili, na kwamba lolote lisilohusiana na kazi hiyo lina wajibu wa kujieleza. Mwaka 1931 chuo kilianzisha mpango mpya wa masomo: kila mwanafunzi wa miaka ya kwanza alitakiwa kupitia elimu za viumbe, elimu za maumbile, elimu za jamii na fasihi na sanaa, na kufaulu kwake kukategemea mitihani mikubwa ya jumla. Hapakuwa na mlango wa pembeni kwa mchezaji.

Mwezi Agosti 1932 Stagg alitimiza umri wa miaka 70. Chuo kilikuwa na kanuni ya kustaafu, na Hutchins hakukubali kuipinda. Stagg hakutaka kuondoka. Alipewa nafasi nyingine ya heshima, isiyokuwa ya kufundisha timu, akaikataa. Mwaka 1933 akaenda California kufundisha mpira katika chuo cha Pacific, mjini Stockton, akakaa huko hadi 1946.

Aliyeteuliwa kushika nafasi ya mkurugenzi alikuwa Thomas Nelson Metcalf. Hakuwa mgeni wa kazi: alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Iowa State, na kabla ya hapo, mwaka 1921, alikuwa mwalimu wa timu ya Oberlin, chuo kidogo alikosoma mwenyewe, wakati kilipoishinda Ohio State kwa pointi 7 kwa 6. Ila hakuwa Stagg, wala cheo alichopewa hakikuwa kile cha Stagg. Ukurugenzi ulitengwa na ualimu wa mpira. Mwalimu wa timu akaajiriwa mtu mwingine, Clark Shaughnessy, kutoka New Orleans. Na idara ya michezo ikawekwa chini ya utaratibu wa fedha na mamlaka kama idara nyingine.

Hapa ndipo panapostahili kutazamwa kwa makini. Kwa wahitimu na watu wa mjini, habari ilikuwa ni ya mzee aliyetupwa nje baada ya kuitumikia nyumba miaka arobaini. Kwa maprofesa wengi, ilikuwa ni kanuni kutumika kwa wote bila upendeleo. Kila upande ulisema juu ya mtu, na kila upande ulimaanisha jambo jingine. Mashabiki walipouliza kama Metcalf angeweza kuvaa viatu vya mtangulizi wake, hawakutambua kwamba viatu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuondolewa. Hata angekuja mtu mwenye kipawa mara mbili ya Stagg, asingekuta kiti ambacho Harper alikitengeneza.

V. Miaka saba

Mwanzo haukuwa mbaya. Chuoni palikuwa na kijana kutoka Dubuque, Iowa, jina lake Jay Berwanger, aliyeingia mwaka 1932 na kucheza misimu mitatu chini ya Shaughnessy. Mwaka 1935 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ambayo mwaka uliofuata ilianza kuitwa tuzo ya Heisman, na hata leo ndiyo tuzo kubwa kupita zote katika mpira wa vyuo. Mchezaji bora wa nchi alikuwa na timu isiyokuwa bora. Na alipohitimu, pengo lake halikuzibwa.

Mwezi Novemba 1938 Stagg, mwenye umri wa miaka 76, alirudi Chicago na timu yake ya Pacific, akaingia katika uwanja wenye jina lake, akaishinda Chicago kwa 32 kwa 0. Mwezi uliofuata Hutchins alichapisha katika gazeti lililosomwa nchi nzima makala ya kushambulia namna vyuo vilivyojifunga na mapato ya mlangoni. Ndipo ulipofika msimu wa 1939. Timu ilifungua kwa kushindwa na chuo kidogo cha Beloit, 6 kwa 0. Harvard iliifunga 61 kwa 0. Michigan, 85 kwa 0. Virginia, 47 kwa 0. Ohio State, 61 kwa 0. Illinois, 46 kwa 0. Iliweza kuzishinda Wabash na Oberlin tu. Katika mechi tatu za Big Ten ilipokea pointi 192 bila kupata hata moja.

Je, lawama ni ya mkurugenzi, au ya mwalimu wa timu? Historia imetoa jibu ambalo si rahisi kupatikana katika mabishano ya namna hii. Mwaka 1940 Shaughnessy aliajiriwa na Stanford, huko California. Katika msimu wake wa kwanza alishinda mechi zote kumi, pamoja na ile ya Rose Bowl ya tarehe 1 Januari 1941 dhidi ya Nebraska. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni chuo. Kwa hiyo sababu haikuwa upungufu wa akili ya mpira. Sababu ilikuwa ni kwamba Chicago ilikataa kuwapokea, kuwafundisha na kuwagharimia vijana kwa namna ambayo washindani wake walikubali, na papo hapo ikaendelea kucheza na washindani haohao.

VI. Hukumu

Tarehe 21 Desemba 1939 baraza la wadhamini lilikata shauri kuufuta mpira wa mashindano. Neno hilo halikuwa jepesi. Mwenyekiti wa baraza, Harold Swift, alikuwa mhitimu wa chuo na mpenzi mkubwa wa mpira. Na chuo kilikuwa katika kazi ya kukusanya fedha za jubilei ya miaka 50, itakayotimia 1941. Kuwaudhi wahitimu wakati wa kuwaomba mchango ni jambo ambalo wakuu wa vyuo huliogopa. Wadhamini walilipima, wakaona kwamba njia zilizobaki zilikuwa mbili: kuwa kama wengine, au kuacha. Mwezi Januari 1940 Hutchins aliwaeleza wanafunzi sababu za uamuzi huo. Mwaka 1946 chuo kilijitoa kabisa katika Big Ten.

Yafaa kusisitiza kwamba michezo haikufutwa. Metcalf alibaki mkurugenzi hadi miaka ya 1950, akiongoza michezo mingine na mazoezi ya wanafunzi wote. Kwa kipimo cha chuo alikuwa amefanya kazi aliyoitiwa. Kwa kipimo cha mashabiki alikuwa ndiye mtu ambaye timu ilimfia mikononi. Vipimo hivyo viwili havikupata kukutana, kwa kuwa havikupima kitu kimoja. Uwanja wenyewe ulipata historia nyingine: chini ya majukwaa yake ya magharibi, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenziwe walifanikiwa kuendesha kwa mara ya kwanza mfululizo wa kupasuka kwa atomi uliotawaliwa na binadamu.

VII. Mkurugenzi wa tatu, na maana ya habari hii

Mwaka 1956 alikuja mkurugenzi mwingine, Walter Hass, na polepole akaanza kuurudisha mpira. Mwezi Novemba 1963 wanafunzi walikwenda kuketi katikati ya uwanja kuzuia mchezo. Safari hii waliobisha hawakuwa watu waliotaka ushindi. Walikuwa watu walioogopa kwamba mpira ukirudi, chuo chao kitarudi kuwa kile cha zamani. Hata hivyo mwaka 1969 timu kamili ilirudi, lakini kwa masharti mengine: bila ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo, na dhidi ya vyuo vinavyofanana nacho. Hivyo ndivyo hali ilivyo hata leo, ambapo Chicago hucheza katika daraja la tatu la chama cha taifa.

Habari hii yafundisha mambo mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni kwamba mashabiki, wanapobishana juu ya mkurugenzi mpya, humpa uwezo ambao hana. Ushindi na kushindwa kwa Chicago kuliamuliwa zaidi na sheria za kuwapokea wanafunzi, na mitihani, na fedha, na ukubwa wa vyuo vya jirani, kuliko na mtu yeyote aliyekaa katika ofisi ya michezo. Mambo hayo hayana uso. Mtu ana uso, na kwa hiyo yeye ndiye husifiwa, na yeye ndiye hulaumiwa.

La pili ni kwamba mabishano yao hayakuwa upuuzi. Waliolia mwaka 1933 walikosea kuhusu mtu, lakini kuhusu jambo lenyewe hawakukosea. Walihisi kwamba kubadilishwa kwa mwenye cheo kulikuwa ni dalili ya kubadilishwa kwa nia, kwamba chuo kilichowakaribisha mwaka 1892, kwa kuwa kiliwahitaji, sasa kilikuwa kinawaaga. Harper aliwafungulia mlango bila kuwaambia ni chumba kipi kilicho chao. Hutchins alipowaonyesha kwamba hawakuwa na chumba, alikuwa na haki kwa mujibu wa hati za chuo. Ila watu waliokaa katika nyumba miaka arobaini, hata kama ni wageni, hawaoni kwamba hati peke yake yatosha. Katika kila chuo ambamo mkurugenzi mpya atangazwa na maneno yakazuka, ni deni hilo la zamani linalodaiwa upya.